Meza ya Mama Nabintu

Meza haijapinda, Mama Nabintu.
Ni sakafu yako inayoteremka kuelekea ziwa.
Hapa Kadutu hata pimamaji husita,
kipovu chake kinatafuta katikati
kama mlevi anayetafuta mlango.

Nimepanda na ubao wa mkaratusi, bado mbichi, mzito.
Bega la kulia limezoea. La kushoto linanung'unika.
Jana nilikuwa juu ya paa la Cirhuza, misumari mdomoni;
juzi, kitanda cha maharusi;
usiku wa kuamkia leo, sanduku
lenye urefu wa mkono wangu.
Randa ile ile. Gundi ile ile.
Hela sikudai.

Kidole? Kilibaki kwenye msumeno.
Umeme ulikuwa umekatika, nikawa nasafisha meno yake,
na umeme wa mji huu
hurudi bila kubisha hodi.

Haya, inua upande huo.
Miguu ya upande wa mlima
naipunguza sentimita mbili. Vumbi litakukohoza, geuka.

Weka kikombe.
Umeona? Chai imetulia.

Mvua ikinyesha nyumba itasogea tena.
Utaniita, nitapanda,
goti likihesabu kila ngazi.