Pazia za Barka

Nyumba ninayo, Al Khoudh, vyumba saba,
vitano nimevifunga, funguo zikapotea.
Cha nane nilikitaka kiwe na matairi.

Wanangu walicheka, mmoja Doha, mmoja Leicester:
"Mama, hoteli zipo." Zipo.
Miaka thelathini na moja nimezalisha wake za watu usiku,
katika vyumba visivyo vyangu, kwenye shuka zisizo zangu.
Hoteli zinaninukia kazi.

La kwanza tulilifuata Sharjah. Refu kama msiba,
choo ndani, bafu ndani,
televisheni inayoshuka darini kama buibui.
Muuzaji akabonyeza, akabonyeza, kila kitu kikaitika.
Nikamuuliza: likinasa mchangani Bidiya, nani ataitika?
Akabonyeza tena.

La pili, Mawaleh, bei ya kutupa,
nalo lilikuwa la kutupwa.
Harith, mtoto wa kaka yangu, aliingia uvunguni
akatoka na kutu usoni kama aliyepakwa dalia.
"Shangazi, hili lilishakufa. Wamelikosha tu."

La tatu lilikuwa Barka, nyuma ya duka la chakula cha mbuzi:
basi dogo la Kijapani, rangi ya chai ya maziwa,
lita sabini za maji, jiko la matundu mawili,
kitanda ambacho mchana ni meza.
Mwenyewe, Bwana Mattar, alisimama kando na bakora yake.
Alitusalimu kwa Kiarabu,
akanyamaza kwa Kiarabu.

Basi tukasema, mimi na Harith, kwa lugha yetu ya kufichia:
injini nzima, lakini usioneshe meno,
mwambie tairi zimezeeka, mwambie betri,
na pazia hizi jamani, maua makubwa kama sahani,
nani aliyemtia wazimu mtu huyu?

Nikajilaza kitandani, viatu mkononi.
Nikapima: kisogo hadi kisigino shubiri nane,
na moja ya kugeukia.
Nikafungua bomba. Maji yakakohoa kwanza, kisha yakaja.
Nikanusa mito, kabati, pembe za dari:
ukungu hamna, karafuu kidogo.
Ile karafuu ingetosha kunizindua.

"Elfu saba," alisema.
Nikamnong'oneza Harith: "Mpe tano, na pazia zake abaki nazo."
Bwana Mattar akakuna ndevu,
akajibu kwa Kiswahili cha Wete, kitupu, kilichonyooka:
"Pazia hizo kashona mke wangu. Kwa mkono,
mwaka wa korona, tuliponunua gari
na njia zote zikafungwa."

Kimya. Nje mbuzi anatafuna katoni.
Uso uliniwaka hadi masikioni.
"Yuko wapi?" niliuliza, nikiliogopa jibu.
"Yumo ndani. Goti limekataa kidato."
Akakigusa kwa bakora. "Kidato kimoja tu, hicho."

Kumbe Bibi Shinuna alikuwa dirishani tangu mwanzo,
amejiziba mdomo kwa ukaya, mabega yanamtikisika.
"Sahani!" alisema tulipoingia. "Nilitaka yawe sinia,
kitambaa hakikutosha."
Akanimiminia kahawa, akaniuliza nitaanza wapi.
Nikasema Ras al Hadd, nikasikia sauti yangu inatetemeka kidogo.
Yeye alifika Sur, mara moja, akarudi na kokoto.
Ziko kwenye droo ya vijiko, alisema, usizitupe.

Tukaafikiana elfu sita na mia mbili,
sijui nani alimpunguzia nani.
Zile mia mbili, naona, nilizilipia pazia.

Mulkia imetoka Jumatano. Usiku wa kwanza sikwenda popote.
Nililiegesha uani, baina ya mlimau na tangi la maji,
nikapika chai, nikazima taa za nyumba kubwa,
nikalala shubiri nane, na moja ya kugeukia.
Saa tano jirani yangu Raya akagonga bati:
"We Thuwaiba, kuna nini? Umefukuzwa kwako?"
Nikavuta ua moja pembeni,
nikamwambia apande,
aangalie kidato.