Beseni la Chengo

Wiki moja, wateja watatu, na buluu kopo moja tu.
Mchungaji Ngumbao ataka mtoto horini, nyuma ya mimbari:
"Mama yake umvike buluu,
na nyota isiwe kubwa kama sinia."
Hansaben wa duka la vitambaa ataka mtoto kapuni,
baba amemtweka kichwani, mto umefura, usiku, mvua,
nyoka wa vichwa vingi akimkingia kama mwavuli.
"Ngozi yake buluu."
"Na mamake?" nauliza.
"Mamake yuko jela."
Maalim Shee hataki sura. Ataka herufi juu ya mlango wa madrasa,
aya ya mama aliyeambiwa amtie mwanawe sandukuni,
sanduku alitie mtoni, asiogope.
"Rangi gani, Maalim?"
"Buluu. Nyingine zinaliwa na jua."

Mimi mchora mabango. Nimechora kuku wa kukaanga,
meno ya daktari, matairi, kinyozi asiyefanana na mtu.
Dini za watu sikuzisomea.
Lakini mkono hujua unaporudia kazi,
na mara ya tatu nikajikuta namchora mfalme yule yule
ambaye hakuna aliyemwagiza:
anayehesabu watoto wa kiume,
anayeogopa nepi.
Kwa Mchungaji nikamwacha pembeni, kivuli na ncha ya kiatu.
Kwa Hansaben hivyo hivyo.
Kila mmoja alimtambua. Kila mmoja alidhani ni wa kwao peke yao.
Kwa Maalim sikuthubutu kuchora kiatu.
Nilimuuliza tu, nikiwa juu ya ngazi, kama mtoto huyu si mmoja.
Akanitazama kana kwamba nimemwaga rangi mkekani.
"Andika, Kombo. Na hiyo nuni yako haina nukta."

Sikumwambia habari za dada yangu.

Mwaka ule Sabaki ulipovunja kingo,
Mwanajaha alijifungulia juu ya meza, darasa la nne,
maji yakigonga miguu ya meza kama mgeni asiye na haraka.
Akatokea mtu gizani, maji kifuani,
beseni la kufulia kichwani.
Alisema neno moja, "Lete,"
akaondoka na mpwa wangu mpaka kwenye lami,
akampa mwanamke wa kwanza aliyemwona, akarudi majini.

Kulipokucha, kambini, watu walishamgawana.
Malaika, walisema wa hema la kanisa, kavaa nguo nyeupe.
(Ilikuwa fulana ya kampuni ya simenti.)
Nabii Khidhri, walisema wetu, yule hana anwani.
Bi Nyevu akatema ugoro: koma la babu, limetumwa,
mlidhani kule kaburini wanalala tu?
Kijana wa Kihindi aliyeleta mikate hakusema kitu,
aligusa beseni, kisha akagusa kipaji chake.
Wote walikubaliana jambo moja: atarudi.

Alirudi.
Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kifua kimembana,
Chengo wa Kitsao, mchimba mchanga,
akauliza kwa haya kama beseni bado lipo,
maana ni la mkewe, na mkewe ana mdomo.
Lilikuwepo. Buluu, ukingo umeungua ukazibwa kwa plastiki nyeusi.
Mtoto alikuwa amelala ndani yake.
Tukasimama, hakuna wa kumwamsha.
Chengo akakuna shingo.
"Basi," akasema, "nifundisheni uongo wa kumwambia."

Leo buluu imebaki kijiko, nimeizimua kwa mafuta ya taa.
Kapu la Hansaben nimelitia doa jeusi ukingoni.
Hori la Mchungaji pia. Hawajaniuliza.
Imebaki madrasa.
Napanda ngazi na brashi ndogo, ile ya kope,
nairudia nuni ya Maalim: mkunjo mmoja, wazi juu,
mdomo wake ukitazama mvua.
Halafu nukta, ndani, taratibu,
nisije nikaiamsha.