Kidole cha Shahada

Kamera ilikuwa ya Kanichi. Ndogo, rangi ya fedha,
ikiingia mfuko wa shati na kuacha nafasi ya sigara.
Aliinunua dukani kwa Onodera, mkabala na stesheni ya Kushiro,
mwaka kiwanda cha karatasi kilipomlipa kiinua mgongo,
na picha ya kwanza aliyopiga ni ya risiti yake.

Nilimwambia fedha hizo zingetosha jiko la mafuta.
Akanipiga nikisema hivyo: mdomo wazi,
mwiko mkononi, na pembeni, chini kushoto,
wingu la waridi.

Lile wingu ni kidole chake.
Kidole cha shahada, cha mkono wa kushoto,
ambacho rola ilikitafuna ukucha mwaka themanini na tatu,
na tangu hapo hakikuwa na hisia, hakikujua kilipo.
Kilisogea mbele ya lenzi bila kumuaga mwenyewe.
Siku zote kilisogea.

Tulimsema. Binti yetu akabandika kipande cha plasta
mahali kidole kilipopaswa kuishia.
Plasta ilidumu wiki moja.
Akaendelea kupiga: korongo wa kinamasini wakirukaruka juu ya theluji,
bei za samaki, mitaro iliyoziba
(hizo alizipeleka manispaa, na barua),
akapiga hata ukungu, ule wa Julai unaomeza daraja,
lenzi ikitoka na kurudi, zzt, zzt,
ikitafuta cha kushika isipate,
naye kasimama, kama anayemngoja mtoto avae viatu.

Picha mia nne na kumi na mbili kwenye kadi ya kumbukumbu.
Nimezihesabu mara tatu tangu Novemba.
Hayumo hata moja.
Kinyozi hajinyoi.
Nimo mimi, nazeeka kidogokidogo, nywele kwanza, kisha shingo,
kisha namna ya kushika kikombe.
Yeye ni wingu pembeni,
shahidi aliyefika na hakuitwa kuketi.

Betri siku hizi haikai. Ukiitoa kuichaji
kamera husahau kila kitu, na ikiwaka huuliza:
Leo tarehe ngapi?
Kisha hujijibu yenyewe: Januari mosi, elfu mbili na saba,
saa sita kamili usiku.
Mwanzoni nikiisahihisha, kama mwalimu.
Sasa naiachia.
Kuna asubuhi dari nayo huniuliza hivyohivyo,
na jibu langu si bora kuliko la kamera.

Mwaka mpya alikuja Mitsuki, mjukuu, na kompyuta yake.
Bibi, akasema, hivi vidole naviondoa sasa hivi.
Na kweli: mimi na mwiko wangu,
na pale pembeni ukuta umejazwa,
vigae vitatu safi
ambavyo jiko letu halijapata kuwa navyo.
Rudisha, nikamwambia.
Lakini kinaharibu picha.
Rudisha, Mitsuki.
Akarudisha. Hakuuliza tena, akala machungwa mawili,
na maganda akayapanga mezani vile alivyokuwa akiyapanga babu yake,
nami sikusema kitu.

Jana ukungu ulishuka mapema. Nikaichukua hadi darajani,
nikafungua, nikabonyeza. Zzt, zzt.
Ikapiga weupe mtupu, kutoka pembe hadi pembe.
Nikajaribu tena, safari hii na kidole changu,
chini kushoto, kwa makusudi.
Kidole kizima hakiwezi.
Kinajua kilipo. Kinasimama mbele ya lenzi
kama mgeni aliyeambiwa atabasamu,
kivuli cheusi chenye ukingo, si wingu, si waridi.

Nikaifuta. Kamera ikauliza: Una hakika?
Hilo ndilo swali lake jingine. Ina mawili tu.
Nikabonyeza ndiyo,
nikaitia mfukoni upande wa kushoto,
nikaenda sokoni kabla samaki hawajaisha.