Tairi Si Ushahidi

Mimi ni fundi pancha, Tandale kwa Mtogole.
Kibanda cha bati, kompresa yenye kikohozi,
na rundo la tairi zilizokufa
ninazowauzia wakata ndala.

Usiku ule hawakutaka ndala.
Walikuja arobaini, labda hamsini, hasira haihesabiki,
wakambwaga kijana mlangoni kama gunia la mkaa.
"Fundi, tairi moja. Hela kesho."
Mmoja alishika chupa ya maji ya kunywa
na ndani hamkuwa na maji.

Nilimjua. Selestini wa mama Golora,
zamani akija kujaza upepo baiskeli ya madumu
kabla haijauzwa.
Panga lilikuwa lake. Hilo sikulikana.
Mkono wa Sikudhani, mkaanga mihogo,
ulifungwa kanga, na kanga imelowa
hadi maneno yake hayasomeki.

Sikutoa hotuba. Sina.
Nilipitisha mnyororo katikati ya tairi zote,
nikabana kufuli, nikatupa ufunguo mtaroni.
(Ninao wa pili. Hawakuuliza.)

"Unamtetea mwizi?"
"Nazitetea tairi."
Mtu mmoja akacheka,
na kicheko kile kikatununulia dakika nne:
mjumbe akafika na vijana wa ulinzi shirikishi,
tukamzunguka kama ukuta mbovu
hadi kituoni. Jiwe lake lilinipata mimi.
Alama ipo, hapa juu ya jicho.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Februari: upelelezi haujakamilika.
Aprili: upelelezi haujakamilika.
Juni, hakimu kahamishwa.
Agosti, PF3 ya Sikudhani haionekani,
karatasi moja tu, yenye mhuri wa hospitali
na damu yake kwenye pembe.
Kila tarehe nafunga kibanda,
kila tarehe yeye anazima jiko,
tunakaa benchi moja kama wafiwa wasio na maiti.
Kidole chake cha shahada hakikunji tena.

Tarehe ya saba aliniambia, bila kunitazama,
"Ungewapa lile tairi, yangekuwa yamekwisha."
Sikumjibu.
Asubuhi ile, nikifunga kufuli, niliwaza hivyo hivyo.

Selestini alizidi kupungua ndani ya shati lile lile.
Siku moja, karandinga likichelewa,
alimnong'oneza mama yake, nami nikasikia:
aliingia mahabusu akijua panga tu,
sasa anajua bunduki inakodishwa wapi, na kwa bei gani.
Alisema kama mtoto anayesoma ripoti ya shule.
Mama Golora alitazama viatu vyake.

Novemba akaja karani mpya, Atupakisye,
mfupi, miwani imefungwa kwa uzi.
Alibaki ofisini hadi walinzi wakazima taa,
akaikuta PF3 ndani ya jalada la mbuzi aliyeibwa Goba.
Hakupigiwa makofi. Aliigonga muhuri, akaomba chai.

Kesi ilisikilizwa nusu siku.
Miezi kumi kutafuta karatasi,
nusu siku kusikiliza watu.
Sikudhani aliinua mkono, hakusema mengi.
Selestini aliutazama muda mrefu, kwa mara ya kwanza nadhani,
akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Miaka aliyopewa sitaitaja.
Sikudhani anasema michache, mama Golora anasema mingi,
na wote wawili bado wananiamkia.

Juzi walikuja tena, na mwingine.
Safari hii kumi na watano, chupa ile ile.
"Fundi..."
Kabla sijagusa mnyororo
Sikudhani alitoka nyuma ya karai,
mafuta yakichemka peke yake,
akaunyoosha ule mkono mbele ya nyuso zao,
na kidole kisichokunja
kikaelekea kituoni.

Baadhi wakamwinua, wakaenda naye.
Baadhi walibaki wamesimama pale pale,
wakilitazama rundo langu.