Theluji Yenye Vichwa Tisa

Bibi hakumtaja kwa jina. Alisema "yule" tu,
akinyoosha kidole juu, ng'ambo ya mnara wetu wa mawe,
kwenye kilele kisichovua kofia yake hata Agosti.
Yule aliyekabiliana na zimwi la vichwa tisa
siku tisa, usiku tisa,
akarudi na mkono mmoja na ndoo ya moto.

Kanisani wamemchora juu ya farasi mweupe.
Unyevu umemla uso. Zimebaki kwato, mkuki,
na jicho moja ambalo padri anasema ni la farasi.

Lakini bibi alikuwa na kipande chake cha hadithi
ambacho padri hakukijua na mwalimu alikiruka:
kwamba kabla ya kupanda, yule alizunguka nyuma ya zizi,
akatapika.
"Hofu haina adabu," alisema bibi, mikono ndani ya unga.
"Haimwulizi mtu babaye ni nani."

Nilimsahau yule miaka mingi.

Kisha ikaja Februari ile. Barabara ya Enguri ikazibwa,
umeme ukakatika, na Nazibrola, mke wa Gela,
mimba ya miezi minane, akaanza kuvuja damu.
Helikopta haikuweza kupaa. Simu ilituambia
subirini, subirini, kwa sauti ya upole.

Jokia hakusema kitu. Jokia dereva wa greda,
mwenye deni dukani na goti bovu,
ambaye mkewe alihamia Kutaisi na muuza vigae.
Alivaa soksi za sufu alizopewa na mama yangu
(hakuna shujaa, nimeona, aondokaye bila kitu cha mwanamke mzee),
akazunguka nyuma ya greda.

Mimi ndiye niliyeshika taa. Nilimwona.
Alishikilia gurudumu, akatapika,
akajifuta mdomo kwa theluji.
"Usimwambie mtu."

Kilomita ishirini na sita, kwa saa kumi na nne.
Mara mbili mlima ulimwaga mgongo wake barabarani;
mara mbili alirudi nyuma, akaupiga, akarudi nyuma, akaupiga,
na gari la wagonjwa likamfuata kama ndama.
Mtoto alizaliwa Mestia, kilo mbili kasoro,
rangi ya biringanya, akilia kama mtu anayedai chake.

Jokia aliporudi aliomba mkate na kitunguu.
Tulitaka aseme neno. Alisema breki zinahitaji kuangaliwa.

Sasa sikiliza.
Mwezi Machi, theluji ile ilikuwa mita mbili.
Kwenye harusi ya Septemba ilishafika tano,
na Jokia hakuwa amelala siku tatu.
Juzi nimemsikia mtoto wa jirani akimwapia mwenzake
kwamba mlima ulikuwa na mdomo
na greda lilikuwa jeupe.

Ni la njano. Mlango umefungwa kwa waya.
Sikumsahihisha.
Theluji itaota vichwa, kimoja baada ya kingine,
na jina litambanduka Jokia kama rangi ukutani,
abaki "yule", na kidole kilichonyooshwa juu.

Nami nakitunza kipande changu.
Nimeitunza ahadi pia, hadi leo.
Ila usiku mmoja, mtu atasimama mlangoni pangu,
viatu vimefungwa, uso umempauka,
akiona haya kwa tumbo linavyomsokota.
Hapo nitaivunja.