Tundu la Mkasi

Picha ni tatu. Ya nne imeliwa na panya,
au ndivyo bibi Zorka alivyopenda kujibu.

Ya kwanza: Justina, mama yake bibi, gatini Trieste.
Sanduku la mbao, kofia ya kuazima,
kifua kimefungwa bendeji chini ya koti
maana mtoto wa miezi mitano amebaki Prvačina
na maziwa hayajui kwamba safari imeanza.

Ya pili ni ya ufukweni. Wote wamefinya macho kwa jua.
Mwenye aproni ndiye wetu.

Ya tatu ndiyo iliyonipandisha ndege.
Roshani ya chuma, nguzo zimesukwa kama matawi ya mzabibu.
Juu ya mlango namba kumi na saba, au kumi na moja,
wino wa picha umevuja hapo.
Justina amesimama, mikono imejikunja
kupakata kitu ambacho hakipo:
kifuani pake pana tundu,
duara lililokatwa kwa mkasi wa kushonea
na msichana wa miaka tisa
aliyechoka kumtazama yule mtoto mwingine.

Nyuma, kwa kalamu ya risasi: *Ana meno manne.*

Nani?
Mjomba Ludvik alisema ni huyo wa Iskandaria,
mtoto wa watu, aliyenenepa kwa jasho letu.
Mama alisema hapana, hilo ni swali,
Justina alisahau tu kuweka alama.
Walibishana kila msimu wa pichi,
visu mkononi, ndoo katikati,
na Zorka akimenya kimya.

Siku nne sasa naenda na tramu, nashuka, nahesabu roshani.
Shingo inauma. Mitaa imebadilishwa majina mara mbili.
Mfamasia, muuza vitabu, fundi saa,
kila mmoja ameishika picha kwa ncha za vidole,
kila mmoja amenionyesha nyumba yake tofauti
kwa uhakika uleule.

Mji huu una ziwa mgongoni pake, lina chumvi na matete.
Bibi yangu aliachishwa ziwa kwa ajili ya mji huu.
Nimeliona leo asubuhi kupitia dirisha la teksi.
Sikumwambia dereva asimame.

Bawabu wa Moharrem Bey anaitwa Dahab.
Aliitazama picha muda mrefu kuliko wote
na hakuuliza habari ya nyumba.
Aliuliza: "Na wa kwenu, alinyonya nini?"
Maziwa ya mbuzi, nikasema, na maji ya sukari.
Akainuka, akanipa kiti chake.

Nikamweleza mengine, sijui kwa nini yeye.
Kwamba pesa za Justina zilinunua paa, ng'ombe, na shamba la mipichi.
Kwamba alirudi Zorka ana miaka kumi na mmoja,
wakasalimiana kwa kupeana mikono.

Kisha nikainua picha mpaka juani, jicho moja nimelifumba,
nikaitazama ghorofa ya tatu kupitia lile tundu.
Palipokuwa na mtoto pana dishi la setilaiti,
suruali ya kulalia, vibanio,
chuma chenye kutu kinachoweza kuwa mzabibu
na kinaweza kuwa kutu tu.
Mwanamke anakung'uta zulia. Akaacha. Akaniona.
Akapaza sauti, Dahab akamjibu kwa sauti ya juu zaidi,
wakavutana hivyo kidogo.

"Anasema upande. Birika liko motoni."
"Lakini huenda si nyumba hii."
"Huenda," akasema Dahab. "Chai ni chai."

Nilimwomba kalamu. Ilikuwa ya bluu, ya kutoa bili za maji.
Nikaigeuza picha juu ya goti langu
na chini ya mstari wa Justina nikaandika,
kwa mwandiko mbaya, maana goti lilikuwa likitikisika:

*Alikufa na kumi na tisa. Yake mwenyewe.*