Mwiko

Alikuja Jumatatu saa saba, kofia ngumu kwapani,
vumbi la Chongoleani kwenye kope.
Watu wa bomba huagiza kwa kidole:
nyama ile, samaki yule, ongeza mchuzi.
Cha kwake kilipita juu ya masufuria yote
kikarudi mfukoni.
Nyama, hapana. Samaki, hapana.
Yai? Maziwa? Akatikisa kichwa
kama anayefukuza nzi kwa adabu.

Shemdoe, anayekula kwa mkopo tangu Mfunguo Sita,
akadakia: Huyo ana presha, daktari kamkataza.
Mgeni akatafuta neno, akalipata: "Funga."
Funga! Na jua la utosi, na kijiko mkononi?
Yetu hufunga mdomo.
Yake imeuacha mlango wazi,
inachagua tu nani aingie.

Siku hamsini na tano, alihesabu kwa vidole
mpaka vidole vikachoka.
Mama yake yuko Gondar, anafunga,
naye Yirga hawezi kula asichokula mama.

Nikampakulia wali na maharage ya nazi.
Akaweka vidole viwili kichwani, pembe za ng'ombe,
akauliza kwa macho: yumo?
Nikasema hayumo.
Nami alfajiri ile nilikaangia kitunguu
kijiko kimoja cha samli ya Handeni.
Samli si nyama, samli ni harufu tu,
ndivyo nilivyojiambia nikisuuza sahani
aliyoipangusa kwa tonge la mwisho,
akainuka, mkono kifuani, na neno la kwao.

Usiku ule godoro lilikuwa na mawe.
Nilikumbuka harusi moja ya ugenini, nikiwa mwari,
walivyoniambia mchuzi ni wa mbuzi,
na kwenye tonge la pili mtoto akacheka.
Nilitapika hadi nyongo.
Nyama ilitoka. Kile kicheko
mpaka leo kimo.

Kulipokucha nilikwenda Mgandini.
Sufuria mpya, ndogo. Mwiko mpya.
Nazi nne, kisamvu kichanga, karanga,
fungu la mchunga lenye umande bado.
Alipofika sikumpa sahani.
Nilimwekea mezani kopo la samli,
nikaonyesha jana, nyuma ya bega langu.

Aliliangalia kopo muda mrefu.
Shemdoe aliacha kutafuna.
Kisha akasema "Mungu", neno analolijua,
akanyoosha kidole juu, kwake, kwangu.
Sikujua ananisamehe au ananishtaki.
Ila alivuta kiti.

Nilimpa bada, na mchunga juu ya nazi.
Uchungu ulimkunja uso mzima,
akafumba jicho moja, akameza, akacheka,
akasogeza sahani niongeze.

Bi Mwanamkuu wa chapati alinisema:
Mteja mmoja, sufuria yake, mwiko wake,
faida utaiona wapi, wewe?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nakuna nazi.

Siku ya thelathini na nane wakamhamisha,
mbali huko bomba linakoanzia.
Aliaga mbiombio, gari likimpigia honi,
akaacha noti chini ya gilasi, zaidi ya deni.
Sijui huko nani anampikia,
na asubuhi anakaangia nini.

Zilizobaki nilizihesabu mimi.
Ya hamsini na tano ilipotimia
nilichinja jogoo, nikamla taratibu,
paja langu, na paja lake.

Sufuria nimeirudisha kazini, maisha ni magumu.
Mwiko upo msumarini.
Jana Shemdoe alitaka augeuzie pweza.
Nikamwambia huo una mwenyewe.
Mwenyewe yuko wapi? akauliza.
Kula, nikamwambia, chakula kinapoa,
na deni lako nalijua.